Jino Nililomwotesha Haji

Basi nkamsogeza dirishani nipate mwanga, nkamfunua mdomo kwa kidole.

Hapo ndo nlipofika jana. Mvua ikaanza kuvuja juu ya kitanda changu, nkaacha kuandika nkashika ndoo. Leo Jumamosi, masika bado hayajatuachia, yamevuta pumzi tu. Uwa mzima maji. Wali nshautia motoni, kuni mbichi, moshi tele, na mie nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, daftari nimelipakata kama mtoto.

Mwalimu wetu wa kisomo katwambia tuandike kila siku, ati mkono ulainike. Kasema andikeni vile mnavosema. Masikini, hakujua anamwambia nani. Kurasa zangu zote khabari za watu: nani kaolewa, nani kaachwa, nani kanunua kanga mpya na mumewe hana kazi. Wiki ilopita alisoma akacheka mpaka akatoa machozi. Akanambia, "Bi Mgeni, mtaa mzima nimeuona humu. Na zako weye zipo wapi?"

Hizi hapa zangu. Wala sichekeshi.

Kwanza niseme nyumba yetu ilivo, maana nimeanza katikati kama mlevi. Hii nyumba ni kubwa, ya mawe, ya watu wa kale, sasa tumegaiwa sie wanyonge, kila mtu na chumba chake. Mie niko chini, chumba cha bati, ubavuni mwa jiko la uwani. Juu yupo Bi Kazija, na chumba cha pili yake yupo mwanawe Makame na mkewe Raya. Haji ndo mtoto wao, wa kwanza, bado hajakaa kitako vizuri, ukimuweka anapinduka kama kibuyu.

Raya hana mtu hapa mjini. Watu wake wa asili ya Manga, Uarabuni huko, mamake kahamia Mombasa kwa kaka zake, barua mara moja moja. Kwa hivyo mimba ilipompata nani alimkanda mgongo? Mie. Alipozaa nani alimpikia uji wa pilipili manga? Mie. Bi Kazija hakumtaka tangu mwanzo. Alikuwa na msichana wake alomchagulia mwanawe huko kwao Mangapwani, Makame akaleta huyu. Si mtu mbaya, Bi Kazija. Mwanawe ni huyo mmoja tu alobaki, wenziwe wote kawazika wadogo, na mtu akishazika hivo huona kaburi hata kwenye kivuli cha mlango.

Sasa mwanzo wa wiki Raya akanishukia hapa jikoni, mtoto begani, uso umemshuka. "Bi Mgeni, nitazamie mwanangu. Nimekuja kwako kwanza. Tangu jana hanyonyi. Akishika titi analiacha analia."

Nkamwambia, "Lete, mwanangu. Mie mdomo wa mtoto nkiutazama tu najua."

Najua! Macho yangu haya, uzi wa sindano namtilisha mtoto wa jirani.

Ndo nkamfunua. Nkaona kitu cheupe, ufizi wa juu, hapa mbele. Chini sikuona kitu. Nkapapasa kwa kidole, nkaona kama pana ukwaru ukwaru. Mtoto akapiga kelele, nkatoa kidole. Raya ananitazama usoni, anangoja niseme.

Nkasema, "Si kitu. Joto la meno. Msugue ufizi kwa chumvi na ndimu."

Hilo nalo dhambi, nitalifikia.

Mana moyoni nlikuwa nshasema jengine. Nlikuwa nshasema: kigego.

Anaesoma daftari hili huenda ni kijana wa skuli hayajui haya, basi nimwambie. Mtoto yoyote meno yake huanza chini. Akianza juu, wazee wetu wakimwita kigego, na kigego wakisema ana mkosi, hula watu wake: babake, au mamake, au nyumba nzima. Zamani mtoto kama huyo, Mungu atustiri, alikuwa haachwi akakua. Siku hizi watu hawafanyi hayo, lakini khofu haijafa. Humpeleka mbali kwa mtu wa kumuagua, mtoto akalelewa huko mpaka watu wasahau. Mie mwenyewe bibi yangu alinisimulia vigego usiku mpaka nkaogopa meno yangu.

Lau ningeliishia moyoni, basi. Moyo una kifuniko.

Siku ya pili nkenda foleni ya mchele. Foleni refu, imetoka dukani imepinda na kichochoro, watu toka alfajiri, na mchele wenyewe hawajaufungua. Sasa watu wakisimama hivo watafanya nini? Watasema. Mbele yangu Bi Time, ambae mie na yeye tangu usichana tunashindana nani ana khabari. Akatoa yake: bibi harusi wa Malindi katoroka siku ya saba. Watu wote shingo kwake! "Eeh, Bi Time, ikawaje?" Mie nyuma yake nimesimama na kikapu, simo. Nkapekua nini nlicho nacho, sina, sina kabisa, mbuzi wa Mpendae alokula mtandio wa mtu, khabari gani hiyo.

Nkasema, "Hiyo si kitu. Nyumbani kwetu yupo mtoto kaota la juu kwanza."

Foleni nzima shingo kwangu.

Wallahi nliona raha. Leo nasema kweli, nliona raha kama mtu alokunywa maji ya madafu juani. Bi Time akageuka mzima mzima. "Umeliona weye?" Nkamwambia, "Kwa macho yangu haya, na kwa kidole changu hiki." Nkamuonyesha na kidole.

Kitu cheupe. Ndo nlichokiona. Nlipofika kwenye foleni kimekuwa jino. Nlipopata mchele wangu yalikuwa mawili.

Nkamwambia Bi Time usimwambie mtu. Na yeye kanambia, mie tena, nimwambie nani? Sie wawili tunajuana. Kumwambia Bi Time usimwambie mtu ni kama kuwambia kunguru wasile.

Khabari ikafika nyumbani kabla ya mchele. Naingia mlangoni, nasikia juu Bi Kazija analia kilio cha mtu alofiwa. "Kigego! Nyumbani kwangu! Ndo mana tangu azaliwe mvua haikatiki!" Mvua ya masika jamani, kila mwaka inanyesha, mwaka huu ndo kaileta Haji.

Tungelipita hapo huenda. Watu hulia wakachoka. Lakini siku ya pili yake Makame kaenda kazini, kwenye yale majumba mapya yanayojengwa Ng'ambo, pakawa pana utelezi, tofali likamponyoka mwenziwe likamuangukia Makame mguuni. Karejeshwa kabebwa, mguu umefura kama papai. Mtu akiangukiwa na tofali kwenye mvua, sababu ni mvua na tofali, sivo? Bi Kazija akasimama juu ya ngazi, mikono kichwani: "Keshaanza! Keshaanza na babake!"

Makame kitandani kasema, "Mama, ni tofali." Mara moja tu. Akageukia ukutani. Mtu na mamake, na tena mguu unamuuma, na tena nadhani na yeye kidogo khofu ilimuingia. Kile kidogo ndo kinachoua.

Raya hakulia. Nlingojea alie nimbembeleze, hakulia.

Jana asubuhi akanijia. Mtoto kamfunika kwa kanga mpaka kichwani watu wasimtazame. Akanambia, "Mama, nisindikize hospitali."

Mama. Hakuwahi kuniita mama. Bi Mgeni, siku zote Bi Mgeni.

Nkavaa buibui langu nkaenda nae. Njiani watu wakituona wanahamia upande wa pili. Yule muuza kahawa, mtu mzima, ana ndevu zake, kavuta kigari chake pembeni tupite. Mie nliekuwa nikipita watu wananiita "Bi Mgeni, njoo, una nini leo?", jana hakuniita mtu. Nlichokuwa nacho walikuwa nacho wote.

Hospitali tukamkuta nesi, kijana, mkono mwepesi, hana mchezo. Kamlaza Haji mapajani, kampapasa mashavu mpaka akafungua mdomo mwenyewe, kama ua. Wala hakumlazimisha. Akachukua pamba akaifunga kwenye kijiti, akafuta ule ufizi wa juu taratibu. Cheupe kile kikatoka kwenye pamba. Chini yake pakawa pekundu, panawasha kwa kutazama tu.

"Huu utando," kasema nesi. "Ugonjwa wa kinywa cha watoto wachanga. Unamuuma, ndo mana hanyonyi. Juu hana jino hata moja. Haya, lete kidole chako, mama wa mtoto. Papasa hapa chini. Unaona palivoumuka? Meno yake yanakuja hapa hapa chini, kama ya watoto wote."

Raya akapapasa. Akafumba macho.

"Na bibi nawe papasa," nesi kanambia mie.

Nkapapasa. Chini, kweli, kama punje ya mtama chini ya ngozi. Juu laini. Laini kama sikio.

Nesi akaona michubuko kwenye ufizi. "Na hapa nani kamkwaruza?" Raya kasema, "Nlimsugua chumvi na ndimu." Hakusema nani kamwambia. Nesi akafoka kidogo: kidonda kutiwa chumvi na ndimu, mtu mzima angelivumilia? Akamfunza. Chemsha maji, yaache yapoe. Chukua kitambaa laini, safi, kifue kila siku, usimfutie kile unachofutia sahani. Zungusha kidoleni, mfute fizi, mashavu kwa ndani na ulimi, kila akishanyonya. Usimpake asali wala usimfungie sukari kitambaani anyonye, hata akilia. Na meno yakishatoka endelea kuyafuta hivo hivo, usingoje mpaka yaoze ndo uulize dawa. Halafu akampaka ile dawa ya zambarau, mdomo wote, mpaka kidevuni.

Akauliza, "Nani kakwambieni jino la juu?"

Raya akasema, "Watu tu."

"Basi watu hao wakavae miwani!" kasema nesi, na wale kina mama walokuwa wakingojea na watoto wao wakacheka.

Na mie nkacheka. Nlicheka kuliko wote.

Njiani kurudi nlikuwa mwepesi, nasema na kila mtu. Nliona limekwisha. Tutaingia, Raya atasema nesi kasema hakuna jino, Bi Kazija atapiga dua, mie nitapika mkate wa kumimina. Kumbe hatujafika mlangoni Bi Kazija kautia jicho ule mdomo wa zambarau.

"Wamempaka rangi! Wamempaka rangi jino lisionekane!"

Raya akamwambia, "Mama, mtazame mwenyewe. Nakufunulia, mtazame."

Bi Kazija akajifunika uso kwa kanga akarudi nyuma mpaka ukutani. Hatazami. Anaogopa akilitazama litamjua. Ndo balaa lenyewe hilo, kwamba katika nyumba hii na mtaa huu hakuna alotazama. Wote wanasikia. Alotazama ni mmoja.

Basi Bi Kazija kanigeukia mie, uso ndani ya kanga, sauti tu inatoka. "Weye Bi Mgeni ni mtu mzima mwenzangu. Ulikuwako. Jino lipo halipo?"

Nkasema, "Nesi kasema halipo."

"Sikukuuliza nesi. Vitoto vya juzi hivo vinajua nini vigego? Nakuuliza weye. Hii khabari ya jino hukuisikia?"

Hapa. Hapa ndo palipokuwa na mlango, uko wazi, ningelipita. Maneno yenyewe si mengi: mie ndie nlosema, nlisema uwongo. Ulimi wangu huu, usioshindwa na kitu, ukakauka kama ngozi ya ngoma. Nliona uso wa Bi Time. Nliona foleni nzima inacheka, na mie nimesimama na kikapu.

Nkasema, "Kusikia... watu wanasema, Bi Kazija. Watu wana maneno."

"Haya!" Bi Kazija akapiga kofi. "Mmesikia? Hata Bi Mgeni kasikia! Hata Bi Mgeni!"

Nlikuja kuuzima moto nkamwaga mafuta ya taa. Khabari ilokuwa na mtu mmoja, mie, jana ikapata shahidi wa pili, mie.

Sikula jana.

Leo asubuhi, mvua inanyesha, wameingia dada zake Bi Kazija wawili kutoka Mangapwani, na vikapu vyao, miguu tope. Wamekuja kumchukua Haji. Yupo mtu huko wa kuwaagua watoto hao, na mtoto atakaa kwa dada mkubwa mpaka mambo yapoe. Wanaondoka na gari ya shamba ya baada ya Adhuhuri. Raya haendi. Mama wa kigego hafuatani nae, wamesema, mkosi utarudi nao. Mtoto anaenyonya, mdomo una vidonda, anakwenda kupewa uji na maziwa ya mbuzi kwa kikombe.

Na hao si watu wabaya. Mmoja kanisalimia vizuri, kaniletea na muhogo.

Raya kashuka hapa jikoni kabla sijatia wali. Kaweka sufuria yake ndogo motoni, kachemsha maji, kayaachia yapoe, kasimama pale mlangoni anatazama mvua. Halafu kakaa juu ya ndoo niloipindua, kamlaza mtoto mapajani vile vile alivofanya nesi, kampapasa mashavu. Haji kafungua mdomo. Kazungusha kitambaa kidoleni, kamfuta: juu, chini, mashavu, ulimi. Hana haraka. Kama mtu anaefuta kikombe cha harusi. Mtoto ananitazama mie kwa mdomo wake wa zambarau, na alipomaliza akacheka. Nyonyo akaishika leo. Akanyonya kweli, unasikia anavomeza.

Nkasema, "Ashapata nafuu, alhamdulillah."

Raya kasema, "Huko shamba nani atamfuta?"

Nkajibu, "Mungu atajaalia." Na kuni zikanitia moshi machoni, nkashukuru.

Kasimama mlangoni kabla hajapanda. Kanitazama tu. Mie nkashughulika na chungu, nkapuliza moto usohitaji kupulizwa. Akapanda.

Nlidhani anataka kuazima kitu.

Sasa nnaandika haya, mkono umesimama. Ngoja. Ngoja niyapange. Khabari ilitoka wapi? Imetoka kwa mtu alomfunua Haji mdomo. Nani alomfunua? Bi Kazija hatazami. Makame siku nzima kazini. Raya hakumpeleka kwa mtu mwengine, kanambia mwenyewe, "Nimekuja kwako kwanza." Basi Raya anahitaji kuambiwa na nani? Toka ile siku ya kilio kule juu, yeye anajua.

Anajua ni mie.

Ya Rabbi. Na jana kaniita mama. Kanichukua mpaka hospitali. Kulikuwa na njia ngapi za kwenda peke yake? Hakutaka kusindikizwa. Alitaka nipapase. Alitaka kidole kile kile nlichowaonyesha watu foleni kipapase kione, ili siku nkiulizwa niwe na la kusema. Na nesi alipouliza nani, kasema "watu tu", kanifunika. Na nlipoulizwa na Bi Kazija, kasimama pale na mtoto wake mkononi, kaningojea. Mie nkasema watu wana maneno.

Na leo tena kaja kaningojea hapa mlangoni. Nami napuliza moto.

Mtu akikutukana unamtukana, mnakuwa sawa, mnasahau. Huyu hajanitukana. Nitamrejeshea nini mtu kama huyu?

Nshafikiri cha kusema. Nshakiandika hapa nisije nikakigeuza ngazini, mana ulimi wangu naujua, ukipanda vidato kumi unarudi na hadithi nyengine. Nitasema: Bi Kazija, hakuna alosikia jino popote ila kwangu. Mie ndie nlolisema, foleni ya mchele, nipate kusikilizwa. Sikuona jino. Niliona utando nkaongeza. Jana nimepapasa kwa kidole hiki, juu hakuna kitu, meno yake yanakuja chini kama yako na yangu. Tofali ni tofali. Kama pana mtu mwenye mkosi nyumba hii ni mimi, nipelekeni Mangapwani mie.

Hilo la mwisho huenda nisiliseme, watacheka, na leo sitaki wacheke.

Naogopa. Niandike kweli yote, naogopa. Bi Kazija atanitolea maneno ambayo yatasikika mpaka Forodhani, na dada zake watayachukua mpaka shamba. Bi Time atayapokea kwa mikono miwili. Tangu leo nkisema "nimeona kwa macho yangu" watu watatazamana. Mtu kama mie, sina mume, sina mtoto, nlicho nacho ni kuwa nkiingia mahala watu husogea wanipishe nikae, "Haya Bi Mgeni, lete." Nani atanipisha?

Lakini nkilinganisha, jamani. Kiti changu na titi la mtoto.

Nashangaa hata nalinganisha.

Naswali Adhuhuri kwanza, halafu napanda. Au nipande kwanza? Nkiswali kwanza najua nitaomba dua ndefu. Nitaongeza sunna, nitatafuta tasbihi, mpaka gari iondoke. Najijua. Juu nasikia vikapu vinaburutwa. Nasikia Raya hasemi. Mtu asosema nae husikika, sikujua hilo, miaka yote hii nimekuwa nikisikiliza wasemao.

Wananiita. Sauti ya Bi Kazija, ngazini.

"Bi Mgeni! Bi Mgeni ee! Hebu panda uje umtoe huyu mtoto mkononi mwa mamake, kamng'ang'ania, na sie hatumshiki! Weye humuogopi!"

Naam! Naja, Bi Kazija.

Naja. Lakini simtoi.